Juma Zima Tulikuita Odette

Ngoie mwanangu,

Ninakuandikia jua lingali juu. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na Shangazi Berthe ameenda sokoni kutafuta mikate ya safari, kwa hiyo nyumba imetulia kidogo. Nimekaa kwenye benchi langu la kazi, nimesogeza nyundo na mabati pembeni. Karatasi hizi nimezing'oa katika daftari lako la kemia, kule mwisho ambako hukuandika kitu. Utanisamehe.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutompa mtu simu yako njiani, shangazi yako amekwisha kukuambia, tena kwa sauti ambayo hata majirani wameyashika. Mimi nina jambo moja tu. Nilipaswa kulisema Jumapili iliyopita, tulipokaa wote hapa uani. Badala yake nikasema ndiyo.

Nakumbuka maneno ya Jumapili ile moja moja. Shangazi yako alikuwa amekalia kiti changu, anakula karanga.

“Odette anaolewa,” alisema juu ya binti yake, “anaenda Ndola na bwana yake. Ile kazi ya laboratware ya Kolwezi, ya kupima mawe ya mgodi, alipata juzi tu, hata siku moja hajaingia. Tuiache tu? Ata! Ngoie iko na diplome sawa na yake, paji la uso ni moja, masikio ni moja. Na kule Kolwezi hakuna muntu alimuona Odette.”

Ukauliza, “Na jina yangu, Tante?”

“Jina yako itabaki ku nyumba. Itapumzika.”

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, ukifunika mdomo kwa mkono kama mama yako. Kisha wote wakanigeukia mimi, na mimi nikasema, “Njo vile. Aende.” Shangazi yako akachukua kadi yako ya mpiga kura akanipa mkononi. “Kaka, chunga hii. Bakimukuta na majina mbili, mambo imekwisha.” Akakupa kadi ya Odette, ambayo sura yake imefutika kama zinavyofutika kadi zetu zote, hata ingeweza kuwa sura yangu.

Tangu siku hiyo tunakuita Odette, ili uzoee. Odette, leta maji. Odette, mbabula imezima, tia makaa. Watoto wa jirani wamefanya mchezo: wanakuita Ngoie kwa ghafla waone kama utasahau. Alhamisi tulipokuwa tunamega bukari na mboga, nilikuita mimi mwenyewe. “Odette, lete chumvi.” Uligeuka kabla sijamaliza neno.

Nilikuwa najaribu. Nadhani nilitaka usigeuke.

Tangu Alhamisi sijafanya kazi vizuri. Nimekata bati vibaya mara mbili, mbabula ya mteja mmoja imekuwa na miguu miwili mirefu na mmoja mfupi. Kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine katika nyumba hii aliyefundishwa kuitika jina lisilo lake, na mimi ndiye niliyemfundisha. Wewe ulikuwa na miaka saba. Labda unakumbuka mchezo ule, maana ulikuwa unacheka kuliko wote. Unajua kwamba kaka yako Kasongo alikufa katika njia ya kazi. Yaliyobaki hukuambiwa. Mama yako hakutaka yasemwe mbele yako, na alipokufa, miaka mitatu sasa, nilijificha nyuma ya kutotaka kwake.

Nianze na kazi yenyewe. Babu yako alitoka Kabalo akiwa kijana, akaingia reli, na siku zile mtu wa reli alijua kwamba mwanawe naye atapata mahali. Mimi sikupata reli, lakini nilipata kampuni ndogo iliyopakia mawe ya shaba kwa ajili ya mgodi mkubwa. Nilikuwa na beji yenye jina langu, Banza, na namba yangu. Jioni mama yako aliitundika kwenye msumari juu ya kitanda, karibu na rozari.

Halafu bei ya shaba ikaanguka. Watu wanadhani mgogoro unaingia kwa kufukuza watu. Hapana, kwanza unachukua vitu vidogo. Kwetu ulichukua mkate wa saa nne. Tukasema ni mkate tu. Halafu ukachukua sabuni ya kuogea baada ya zamu. Halafu ukachukua basi la wafanyakazi, na mahali pake pakaletwa lori la wazi, lile lile la kubebea mawe, tukawa tunasimama ndani tukishikana mabega. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila asubuhi mlangoni palikuwa na watu waliosimama wakitazama kama yupo aliyekosa kuja. Halafu ndipo karatasi ya majina ikabandikwa ukutani. Niliisoma nikianzia chini kwenda juu, sijui kwa nini. Mimi nilibaki. Rafiki niliyesimama naye kwenye lori hakubaki, na tangu siku ile tukawa tunapita njia mbili tofauti kwenda kanisani, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu.

Kasongo alikuwa amemaliza shule mwaka ule. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na mahali pa kuweka mikono yake. Asubuhi alikuwa anafagia ua wote, kisha anaufagia tena. Ulikuwa unamfuata nyuma ukiharibu mistari ya ufagio kwa miguu yako, naye anarudia bila kukugombeza.

Kulikuwa na mtindo uliozaliwa kule kazini wakati wa shida ile. Watu wawili wa nyumba moja walikuwa wanafanya kazi kwa beji moja. Majuma mawili baba, majuma mawili mtoto, au kaka na mdogo wake. Tuliwaita mapacha. Wasimamizi walijua. Kwao ilikuwa faida, maana mtu aliyepumzika majuma mawili anabeba mawe vizuri zaidi. Sisi tuliona tumekuwa wajanja, kazi ya mtu mmoja tumeikata vipande viwili. Mimi nilijivuna, Ngoie. Nilimwambia mama yako kwamba nimemtafutia Kasongo kazi wakati ambapo watoto wa wakubwa wenyewe wamekaa.

Hapa mezani ndipo tulipomfundisha. Nilikuwa naita kwa sauti ya msimamizi: “Banza!” Naye alipaswa kuitika haraka, “Niko!” Mwanzoni alikuwa anachelewa. Ananitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nikamwambia, “Usinitazame. Weye njo Banza sasa.” Wewe ukaanza kumwita Papa. “Papa Kasongo, nipe karanga!” Mama yako peke yake hakucheza. Aliondoa sahani.

Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza mpaka karibu na mlango, nikajificha nyuma ya ukuta. Mlinzi akamtazama, akatazama beji, akamtazama tena.

“Papa Banza! Leo uliogea maziwa? Umerudia kijana!”

“Ni Mungu tu, chefu,” Kasongo akajibu, na watu wote kwenye lori wakacheka. Nami nilicheka nyuma ya ukuta wangu. Nilidhani jambo likishachekwa halina hatari.

Aliifanya kazi ile miezi mitano, kwa zamu na mimi. Alivaa viatu vyangu akiwa amejaza karatasi mbele, kwa sababu miguu yake ilikuwa midogo. Alikula bukari baridi ya jana, amesimama, na alifunga kamba ya koti langu mara mbili, mafundo mawili, hata ikawa ninapolivaa mimi zamu yangu ikifika nahangaika kuyafungua. Nilimgombeza kwa mafundo yale. Hayo ndiyo makaripio ninayoyakumbuka zaidi.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu.

Siku ile ilikuwa zamu yangu. Majuma yake mawili yalikuwa yameisha Jumamosi, na Jumatatu nilipaswa kwenda mimi. Nilikuwa naumwa jino. Si ugonjwa, ni jino tu, shavu limevimba kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha. Kasongo alikuwa ameamka ananichemshia maji ya chumvi. Nikamwambia, “Enda weye leo. Mi nitaenda kesho.” Akasema, “Sawa, Papa,” akachukua koti. Hakulalamika wala hakunitazama vibaya. Alifunga mafundo yake mawili, akatoka.

Lori liliteleza kwenye kona ya udongo. Wengi waliumia. Alikufa yeye na mtu mwingine mmoja.

Nilimkuta hospitalini, katika chumba cha maiti, na kwenye kidole cha mguu wake walikuwa wamefunga karatasi yenye jina langu. Nje alinisubiri karani wa kampuni. Alikuwa mtu mpole, hata leo siwezi kusema alikuwa mbaya. Alinivuta pembeni.

“Papa, sikia muzuri. Ku karatasi, mwenye alikufa ni Banza. Kama ni Banza, kampuni inaleta sanduku, inaleta motokari, inaleta bantu ya kusimama ku kaburi. Kama ni mwingine, basi ni muntu alipanda lori bila ruhusa. Shiye hatumujue.”

“Mi njo Banza,” nikasema.

“Najua, Papa. Njo maana nakuuliza weye.”

Nikafikiri juu ya sanduku. Hatukuwa na mbao hata za kutengeneza kigoda. Nikafikiri pia, niseme kweli, kwamba nikikataa watauliza ni nani aliyempa beji. Nikasema, “Acha vile iko.”

Mama yako nilimwambia kuhusu sanduku tu. Jina sikumwambia.

Wewe siku ya mazishi tulikuacha kwa jirani. Tulimbeba kwa motokari ya kampuni, na pale kaburini, padri alipomaliza, mwakilishi wao alitoa karatasi akaisoma. Alisema wanamuaga Banza, mfanyakazi mwema, baba wa watoto. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, nimevaa kofia, nasikia sifa zangu. Nilishusha kofia mpaka kwenye macho.

Ndipo mama yako akatoka upande wa wanawake. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwenye sanduku, akaweka mkono juu yake kama alivyokuwa akiweka kwenye paji la uso wenu mkiwa na homa, akasema, si kwa kelele:

“Ule iko ndani ni Kasongo. Mutoto yangu wa kwanza. Banza ni ule kule, mwenye kofia.”

Watu wote wakageuka. Mwakilishi akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Mama yako akaendelea kusimama pale akilisema jina lile, Kasongo, Kasongo, mpaka wanaume walipomaliza kufukia. Motokari ilikuwa imekwisha ondoka. Tulirudi kwa miguu.

Hakunigombeza. Pengine angenigombeza ningepona mapema. Aliendelea kuitwa Mama Kasongo na kila mtu, na kila mara alipoitwa aliitika vizuri, kwa sauti yake yote. Mara moja tu aliniuliza, miaka ile ya mwisho alipokuwa hatoki tena kitandani. Alisema, “Ile siku ilikuwa zamu ya nani?” Nikamjibu, “Ilikuwa yake.” Akafumba macho. Sijui kama aliniamini. Sikumpa nafasi ya kunisamehe, na sasa hayupo. Ukitaka kunikasirikia kwa hilo, ni haki yako, wala usiharakishe kumaliza.

Bei ilipopanda tena, waliita watu. Nami nilienda nikasimama mlangoni. Karani mwingine akatafuta jina langu kwenye daftari, akaliona na mstari juu yake. “Banza alikufa,” akasema. Mlinzi alikuwa yule yule. “Papa,” akaniambia, “kwa mufu, unatembea muzuri!” Alitaka kunichekesha, maskini. Nikacheka kidogo ili asione vibaya, nikarudi nyumbani, na juma lile ndilo nililokata bati la kwanza na kutengeneza mbabula. Unaijua hiyo. Ni ile iliyopinda ambayo mama yako alikataa kuitupa.

Lakini kifo changu cha karatasi si kitu. Kinachonikera ni upande wa Kasongo. Katika madaftari yao yote Kasongo hakufa, na hakufanya kazi hata siku moja. Mawe aliyobeba miezi mitano, kwao nimebeba mimi. Ningetafuta mahali palipoandikwa kwamba kijana huyu aliwahi kuamka asubuhi akafanya kazi ya mtu mzima, nisingepata. Isipokuwa msalaba wake, ambao mama yako aliuandika kwa mkono wake kwa rangi ya mlango wetu, ile ya kijani.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuita uniletee chumvi.

Sikuambii kwamba ni vibaya kuitaka kazi hii. Nimekuona miaka miwili. Umezunguka na bahasha ya diplome mpaka pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Kila Jumatatu ulipiga pasi ya makaa blauzi yako nyeupe, hata majuma ambayo hakuna aliyekuita, na ukiulizwa ulisema, “Kama bataita leo?” Bei ya kobalti nayo imeshuka, watu wenye kazi wanarudishwa, na wewe utaingia mlango gani? Najua. Wala usimchukie shangazi yako. Mwaka ule wa shaba, yeye ndiye aliyetuletea unga akidai kwamba umemzidi nyumbani. Anaona mlango uko wazi na binti wa kaka yake amesimama nje. Mimi mwenyewe niliona hivyo hivyo.

Ila sikuyaona mengine, na wewe nataka uyaone kabla hujapanda basi. Kila kipimo utakachopima vizuri, Odette ndiye atakuwa amepima vizuri. Wakikuandikia barua ya sifa, itakuwa ya Odette. Asidi ikikumwagikia mkononi, Mungu aepushe, mkono utakuwa wa Odette, naye yuko Ndola anapika. Na sitaki siku moja mtu mpole aje kunivuta pembeni na kuniuliza jina lako.

Jumapili nilisema ndiyo mbele ya watu wote. Leo ninaiondoa ile ndiyo yangu. Yako siwezi kuiondoa, wewe si mtoto tena. Ndani ya bahasha hii utakuta kadi yako, ile niliyoambiwa niichunge. Nimeona nimeichunga vya kutosha. Kwa hiyo kesho utasafiri na kadi mbili, na kutoka hapa mpaka Kolwezi utakuwa na muda wa kutazama dirishani.

Kama ni mimi, ningefika kwa mkuu wa laboratware na kusema: Odette ameolewa, hatakuja, mimi ni binti wa mjomba wake, diplome yangu hii, nipimeni. Anaweza kukataa. Siku hizi kukataa ni rahisi, watu ni wengi mlangoni. Akikataa, panda basi urudi. Na Shangazi Berthe niachie mimi. Nimemwogopa tangu tukiwa wadogo, lakini nitasimama kati yenu, na akitupa sahani, nitaiokota. Benchi hili ni refu, na mikono yako inapima vizuri kuliko yangu. Mbabula zetu zitakuwa na miguu sawa angalau.

Na ukiamua kuingia kwa jina la Odette, bado wewe ni wangu. Barua zangu zitakuja kwa jina hilo kama itabidi. Ila ndani nitaandika lako.

Nasikia mlango wa uani, shangazi yako amerudi, anagombana na mtu juu ya mikate. Nitaficha barua hii chini ya blauzi nyeupe, ambako utaikuta wewe peke yako.

Kesho pale basi litakapowashwa, atakuwepo yeye, na wenzako wa kwaya, na watu wa jirani, na wote watakuwa wanapunga mikono wakiita Odette, Odette. Utasikia sauti moja inaita Ngoie. Nitaita kwa nguvu, mpaka watu wageuke. Si lazima uitike.

Ni mimi baba yako,
Banza, aliye mzima.